Cheki Iliyokataliwa na Benki: Usiitoe Mkononi

Ndugu mkulima, umelima, umepanda, umepalilia mara mbili, na sasa umevuna. Mnunuzi amekuja na lori mpaka langoni. Magunia yamepimwa na kupakiwa, na mnunuzi amekuandikia cheki. Unaipeleka benki kwa furaha. Siku mbili baadaye unaambiwa kwamba cheki hiyo imekataliwa. Lori limekwenda, mahindi yamekwenda, na wewe umebaki na karatasi. Je, utafanya nini?

Wakulima wengi hufanya jambo moja ambalo si zuri. Humpigia simu mnunuzi, naye hujibu kwa maneno matamu: "Pole sana, mzee. Nirudishie cheki hiyo, nitakuandikia nyingine wiki ijayo." Mkulima humrudishia. Tangu saa hiyo hana mahindi, hana pesa, na karatasi pia hana. Akienda polisi au mahakamani ataulizwa, "Ushahidi wako uko wapi?" naye atakosa la kusema.

Makala haya yataka kukueleza kwa nini karatasi hiyo iliyokataliwa bado ni mali, na ni njia gani ya kufuata ili pesa zako zirudi. Yanawahusu pia wale wenye duka au posho mill katika soko la skimu, kwa maana sheria ni moja.

CHEKI NI KITU GANI?

Wazee wetu walioingia katika skimu tangu 1962 waliuza maziwa na pareto kwa njia ya chama cha ushirika. Chama ndicho kilichotafuta pesa, na mkulima alingoja malipo yake ya mwezi. Lakini tangu soko la mahindi lilipofunguliwa kwa wafanya biashara katika miaka ya 1990, wakulima wengi huuza langoni kwa mtu wasiyemjua sana. Ndiyo maana yafaa kila mkulima ajue mambo ya cheki.

Cheki, au hundi, si pesa. Ni amri iliyoandikwa. Mwenye akaunti anaiamuru benki yake imlipe mtu fulani kiasi fulani cha pesa. Mpaka benki ilipe, wewe una ahadi tu. Lakini ahadi hii si kama ile ya mdomo. Sheria ya Bills of Exchange, Sura ya 27 ya sheria za Kenya, yasema kwamba mtu aliyetia sahihi yake katika cheki amejifunga: benki isipolipa, yeye mwenyewe lazima alipe. Wahenga walisema ahadi ni deni. Katika cheki, deni hilo limeandikwa, lina tarehe, lina kiasi, na lina sahihi ya mdaiwa mwenyewe.

KWANZA SOMA SABABU

Cheki ikikataliwa, benki yako itakupa cheki yenyewe au nakala yake, pamoja na maelezo ya sababu. Usiondoke dirishani kabla hujaielewa sababu hiyo. Kama maandishi ni ya Kiingereza, mwombe karani akueleze. Sababu za kawaida ni hizi:

1. Hakuna pesa za kutosha katika akaunti. Mara nyingine huandikwa herufi R/D tu, maana yake mrudie aliyeandika cheki.

2. Akaunti imefungwa. Hii ni mbaya zaidi, kwa sababu mtu hukosa kwa nadra sana kujua kwamba akaunti yake imefungwa.

3. Mwenye akaunti ameizuia benki isilipe.

4. Kasoro ya maandishi: sahihi haifanani, maneno na tarakimu hazilingani, tarehe haijafika, au cheki imekaa zaidi ya miezi 6.

Kasoro ya maandishi yaweza kuwa bahati mbaya tu, na mnunuzi mwema ataitengeneza siku hiyo hiyo. Pengine pia pesa zilichelewa kuingia katika akaunti yake, naye atakuomba uipeleke cheki benki mara ya pili. Si vibaya kukubali mara moja, lakini uliza kwanza, kwa maana benki nyingi hutoza ada kila cheki inaporudi. Lakini hata akileta cheki nyingine, ile ya kwanza ibaki kwako. Mwambie kwa heshima kwamba utamrudishia siku pesa zitakapoingia katika akaunti yako, wala si kabla ya siku hiyo. Akiogopa kulipa mara mbili, mwandikie barua ya ahadi hiyo.

KUSANYA USHAHIDI WAKO

Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hiyo hiyo weka pamoja karatasi hizi:

Cheki iliyokataliwa na maelezo ya benki. Toa nakala tatu.

Karatasi ya mizani au risiti ya mauzo. Kama hukuandika chochote siku ya kuuza, andika sasa: tarehe, idadi ya magunia, bei, namba ya lori, na majina ya watu waliokuwapo.

Habari za mnunuzi: jina kamili, namba ya kitambulisho, namba ya simu, na mahali anapofanya biashara.

Ujumbe wa simu kati yako naye. Usiufute hata mmoja. Akikuandikia, "Nivumilie, nitakulipa mwisho wa mwezi," amekiri deni kwa maandishi yake mwenyewe.

Tazama pia jina lililopigwa chapa katika cheki. Kama ni jina la kampuni, mdaiwa wako ni kampuni hiyo, wala si kijana aliyetia sahihi kwa niaba yake. Wakulima wengine wamepoteza miezi mingi kwa kumshitaki mtu asiyehusika.

ANDIKA BARUA YA KUDAI

Sasa mwandikie mdaiwa barua. Si lazima iwe ya wakili. Iwe fupi, yenye adabu, na ya kweli. Tuseme wewe ni mkulima wa Lugari, na umeuza magunia 60 ya kilo 90 kwa bei mliyopatana ya shilingi 3,000 kwa gunia. Jumla yake ni shilingi 180,000. Waweza kuandika hivi:

"Kwa Bwana (jina). Tarehe (siku) ulinunua kwangu magunia 60 ya mahindi, ukanipa cheki namba (namba) ya benki (jina) ya shilingi 180,000. Tarehe (siku) cheki hiyo ilikataliwa na benki kwa sababu (sababu). Naomba unilipe shilingi 180,000 pamoja na ada niliyotozwa na benki, katika siku 7 tangu kupata barua hii. Usipolipa, nitapeleka madai yangu mahakamani bila kukuarifu tena. Ni mimi, (jina na sahihi)."

Mpelekee kwa mkono mbele ya shahidi, naye atie sahihi katika nakala yako. Akikataa kutia sahihi, shahidi wako aandike kwamba ameiona barua ikitolewa. Tuma nakala nyingine kwa simu yake. Usiandike matusi wala vitisho, na usiende kuchukua lori lake au ng'ombe wake kwa nguvu. Ukifanya hivyo, wewe mwenye haki utageuka mshitakiwa.

Wafanya biashara wengi hulipa wakipata barua kama hii. Wanajua kwamba habari za cheki zilizokosa pesa zaweza kupelekwa na benki kwa ofisi zinazoweka kumbukumbu za wakopaji, na mtu mwenye jina baya huko hupata taabu akitaka mkopo.

Akileta sehemu tu ya pesa, zipokee. Tuseme ameleta shilingi 50,000. Mwandikie risiti ya shilingi 50,000, na katika risiti hiyo hiyo andika kwamba deni lililobaki ni shilingi 130,000. Atie sahihi. Mkipatana alipe kidogo kidogo, andikeni tarehe na kiasi cha kila malipo. Na cheki je? Ibaki kwako mpaka shilingi ya mwisho.

JE, NIENDE POLISI?

Waweza kwenda, lakini ni lazima uelewe polisi watafanya nini na hawatafanya nini.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 316A, yasema ni kosa mtu kutoa cheki akijua, au akiwa alipaswa kujua, kwamba akaunti haina pesa za kutosha. Au kwamba akaunti imefungwa. Au akiwa ameiamuru benki isilipe. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili.

Sikiliza vizuri mambo manne hapa.

La kwanza, cheki yenye tarehe ya mbele. Mnunuzi akikupa leo cheki yenye tarehe ya mwezi ujao, na siku hiyo ikifika akaunti ikose pesa, kifungu hicho cha kukosa pesa hakimshiki. Sheria imeiacha nje cheki ya namna hiyo, kwa sababu wewe mwenyewe ulikubali kungoja. Deni lako halijafa, nawe waweza kulidai mahakamani, lakini usitegemee polisi. Wanunuzi wajanja wanalijua jambo hili vizuri sana. Basi nawe ulijue.

La pili, mtu aliyezuia malipo hana kosa kama alikuwa na sababu nzuri. Kama ulimpa magunia 60 na 20 yakawa yameoza, ana la kujitetea. Kwa hiyo uza mali safi.

La tatu, faini haiji kwako. Inakwenda kwa Serikali. Lakini hakimu akimpata mtu na hatia, anaweza kumwamuru akulipe fidia. Mwombe mwendesha mashitaka alikumbushe jambo hilo mbele ya hakimu.

La nne, kesi ya polisi haizuii kesi yako ya kudai pesa. Zote mbili zaweza kwenda pamoja. Usikae ukingoja moja iishe.

Ukienda kituoni, pata namba ya kitabu cha matukio. Wakitaka cheki yenyewe, toa nakala kwanza, na uombe maandishi kwamba wameipokea.

MAHAKAMA YA MADAI MADOGO

Njia iliyo fupi kwa mkulima ni Mahakama ya Madai Madogo. Iliundwa kwa sheria ya 2016, ikaanza kazi Nairobi Aprili 2021, na baadaye ikafunguliwa katika miji mingine. Mahakama hii husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1.

Sasa angalia jambo la kukufaa. Tangu Oktoba 2009 cheki zinazopita kati ya benki na benki haziruhusiwi kuzidi shilingi milioni 1. Maana yake ni kwamba deni la cheki moja, hata iwe kubwa namna gani, kwa kawaida laweza kusikilizwa katika mahakama hii.

Huhitaji wakili, waweza kusimama mwenyewe na kueleza habari yako kwa Kiswahili. Mahakama haifungwi na kanuni ngumu za ushahidi, na sheria yataka kesi imalizike katika siku 60 tangu kufunguliwa. Asiyeridhika anaweza kukata rufani Mahakama Kuu, lakini kwa mambo ya sheria tu.

Nenda katika ofisi ya mahakama iliyo karibu na mahali mlipouziana, au mahali anapokaa mdaiwa. Chukua cheki, maelezo ya benki, nakala ya barua yako, na karatasi za mauzo. Siku hizi madai hufunguliwa kwa kompyuta, na makarani watakuelekeza. Dai kiasi cha cheki, ada uliyotozwa na benki, riba, na gharama za kesi. Kama hakuna Mahakama ya Madai Madogo karibu nawe, mahakama ya hakimu wa kawaida yaweza kusikiliza madai hayo.

Mdaiwa atapelekewa karatasi za kesi. Asipojibu, mahakama inaweza kutoa hukumu bila yeye. Akijibu, mara nyingi hatakuwa na maneno mengi, kwa maana sahihi yake imo katika cheki na mahindi yako aliyachukua.

Usichelewe. Sheria imekupa miaka 6 ya kufungua madai ya namna hii, lakini mashahidi husahau, simu hupotea, na wafanya biashara huhama.

HUKUMU SI PESA BADO

Wengine hushinda kesi, wakarudi nyumbani, wakangoja. Hii ni kazi iliyoachwa katikati. Mahakama imesema unadai, lakini ni wewe utakayeomba hukumu itekelezwe. Kuna njia kadhaa. Mahakama yaweza kumruhusu alipe kidogo kidogo kwa tarehe maalum. Yaweza kutoa amri mali yake ishikwe na kuuzwa na dalali wa mnada mwenye leseni. Yaweza kumwita aeleze kwa nini asifungwe jela ya madeni, kama ana uwezo wa kulipa naye anakataa. Na yaweza kuamuru pesa zake zilizo benki zilipwe kwako.

Utajuaje benki yake? Itazame cheki. Jina la benki limo, tawi limo, namba ya akaunti imo. Karatasi ile ile aliyotaka umrudishie ndiyo inayoonyesha mahali pa kuanza kutafuta pesa zake.

KABLA LORI HALIJAONDOKA

Ndugu mkulima, njia zote hizi zina gharama na usumbufu. Ni bora kujikinga. Yakumbuke haya msimu huu:

1. Cheki ya kawaida ikubali kwa mtu unayemjua tu. Kwa mgeni, taka pesa ziingie katika akaunti au simu yako kabla ya kupakia.

2. Kama ni lazima kupokea cheki, ipeleke benki kwanza na mali ibaki ghalani. Tangu 2011 benki hutumiana picha za cheki, na kwa kawaida jibu hupatikana katika siku moja au mbili za kazi. Mnunuzi wa kweli atangoja. Asiyeweza kungoja siku mbili, jiulize ana haraka ya nini.

3. Ujumbe kwamba cheki imepokelewa si ujumbe kwamba imelipwa. Muulize karani: "Je, naweza kuzitoa pesa hizi sasa?"

4. Cheki iliyotolewa na benki yenyewe ina nguvu zaidi, lakini kuna watu wanaoighushi. Iulize benki iliyoitoa kabla ya kufungua ghala.

5. Usikubali cheki yenye tarehe ya mbele, wala cheki ya mtu mwingine iliyoletwa na dalali. Jina lako liandikwe sawasawa na lilivyo katika akaunti yako.

6. Mnunuzi akikuambia, "Usiipeleke benki sasa, hakuna pesa," usiipokee. Ukiipokea, hutaweza kusema baadaye kwamba ulidanganywa.

7. Kila mauzo yaandikwe, hata ya gunia moja. Piga picha kitambulisho cha mnunuzi na namba ya lori. Mnunuzi mwaminifu hatakasirika.

Mahindi yale hayakuwa mahindi tu. Yalikuwa karo ya Januari, mbolea ya Machi, na malipo ya deni la shamba. Mtu aliyeyachukua kwa karatasi tupu ameingia mpaka jikoni kwako. Basi usione haya kudai kilicho chako, na usichoke upesi.

Kata makala haya uyaweke pamoja na karatasi za shamba lako, uwasomee na jirani zako katika mkutano wa chama. Na cheki ikirudi, kumbuka neno moja tu kabla ya mengine yote: usiitoe mkononi mpaka pesa zako ziwe zimeingia zote.